Wifi Yangu na Darasa la Mimi-Mwalimu

Nyie walimu vijana mmenichosha. Kila mkipita hapa mnaniambia bibi andika, bibi tuandikie habari za wifi yako, kama kwamba kuandika ni kumenya vitunguu. Vidole vyenyewe vimekakamaa, miwani ina kioo kimoja, na herufi nilizijua ukubwani, tena kwa hasira. Halafu najua mnachotaka. Mnataka kahadithi katamu ka mwalimu mpole na watoto wanaocheka, mkakatundike ofisini. Haya, nitaandika. Lakini nitaandika yalivyokuwa, na yalivyokuwa yana damu. Asiyetaka damu aishie hapa hapa akafunge kuku wake.

Wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu, hakuzaliwa na sikio bovu. Sikio la kushoto alizibwa na mwalimu wake mwenyewe, wa darasa la kwanza. Aliandikiwa hesabu ubaoni, tano kutoa mbili, akainuliwa ajibu. Jibu alilijua. Lakini alikuwa mtoto wa haya, ulimi ukagoma, akasimama anasokota ncha ya sketi. Mwalimu akauliza tena. Safari ya tatu akauliza kwa mkono. Kofi lilimtoa miguuni, kichwa kikagonga kona ya dawati, na alipoinuka kola ya shati ilikuwa nyekundu na wenzake wote wanalia kwa woga, "Tatu, mwalimu! Tatu! Tatu!" na hakuna aliyewauliza.

Alipofika nyumbani baba yake akamkuta kajishika kichwa.

"Umefanyaje?"

"Sikujibu, baba."

"Kesho ujibu." Akamwongeza la upande wa pili.

La upande wa pili halikuharibu kitu. Sikio la kulia likabaki zima, na ndilo aliloishi nalo, akasomea nalo, akaolewa nalo, akapata nalo kazi, mpaka siku nitakayoifikia kama hamtanikatiza.

Mngedhani mtu wa hivyo angeikimbia shule. Yeye akaenda kuwa mwalimu, tena akaomba mwenyewe darasa la kwanza, ambalo wenzake wote hulikwepa kama ukoma. Wakampa chumba cha mwisho, kile kilichogusana na barabara. Ndani hakina lipu, sakafu ina mashimo, dawati moja wanabanana watoto mpaka wa pembeni anakalia tako moja, na wanaokosa wanakaa chini mbele ya ubao. Madirisha hayakuwa na vioo, yalikuwa na wavu wa chuma. Na nje ya wavu, sasa sikilizeni, upande mmoja kulikuwa na bucha, na upande wa pili karakana ya fundi wa kuchomelea mageti.

Fikiria wewe mwalimu. Unaandika "a" ubaoni, na hatua chache kutoka hapo mbuzi anakatwa koo. Unageuka kuandika "e", msumeno wa chuma unalia mpaka meno yanakufa ganzi, na cheche zinaruka kama nini sijui. Mtoto wa darasa la kwanza atatazama nini? Atatazama mbuzi. Wifi alijaribu kuimba, mbuzi akamshinda. Akajaribu kupaza sauti, shoka la bucha likamshinda. Alikuwa akirudi nyumbani koo limekauka, hana hata sauti ya kumgombeza mumewe, na kaka yangu akaona raha kweli kweli.

Ndipo akatunga ile sheria yake. Akawaambia watoto: mimi nina sikio moja, kwa hiyo nataka kuwaona. Nikiuliza swali, kila mtu mkono juu. Anayejua, mkono juu. Asiyejua, mkono juu. Nikikuchagua na hujui, unasema "nisaidie", halafu unamchagua mwenye mkono juu yeyote akusaidie. Hakuna kuchekwa. Hakuna kupigwa.

Lo! Aliyewasha moto ule hakujua utawaka vile. Akiuliza tu, "Nani anajua herufi hii?" chumba kinalipuka. "Mimi mwalimu! Mimi! Mimi mwalimu! Mimi mimi mimi!" Wanapanda juu ya madawati, wananyoosha mikono mpaka mabega yanataka kuchomoka, mwingine kashika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto ausukume uende juu zaidi. Shoka la bucha halikusikika tena. Mbuzi akafa bila mtazamaji.

"Wifi," nikamwambia siku moja, "darasa lako lina kelele kuliko mnada wa ng'ombe."

"Umejuaje? Ulipelekwa ukauzwa?"

"Watoto wa mwenzio wa darasa la pili wametulia kama maji mtungini."

"Wametulia kwa sababu wanavimba. Mtu akivimba matako hachezi."

Alikuwa na mdomo, wifi yangu. Anao hata leo.

Katika darasa lile kulikuwa na kijana mmoja wakimwita Redio, kwa sababu hazimwi. Mkono wake ulikuwa juu kabla ya swali kuisha, na jibu hakuwa nalo hata siku moja. Na kulikuwa na binti wa yule fundi wa mageti, wenzake wakamwita Cheche kwa ajili ya kazi ya baba yake. Jina halikumfaa. Alikaa chini ya dirisha, mikono ameikalia, na hakuinyoosha hata mara moja tangu aanze shule.

"Kale kabinti kananitoa roho," wifi akaniambia tunapepeta mchele. "Kanajua majibu. Naiona midomo inajibu. Lakini mkono hauji."

"Kafinye kidogo."

"Nikufinye wewe kwanza tuone kama utaimba."

Na kulikuwa na wa tatu, ambaye hakuwa hata mwanafunzi. Binti wa mwenye bucha. Umri wa shule ulikuwa bado, kamwili kadogo, kamviringo, wakimwita Kifungo. Huyu aliegemeza tofali ukutani kwa nje, akapanda, akang'ang'ania wavu wa dirisha, na kila wifi akiuliza, sauti kali inatoka nje ya chumba: "Mimi mwalimu!" Mara nyingine wifi alimchagua. Na nyumbani kwao, na pale bucha mbele ya wateja, ndio ukawa mchezo wake na baba yake. Baba ni jitu, mikono ina damu mpaka kwenye viwiko, sura ukikutana nayo njiani unahama upande. Lakini akiuliza, "Nani kaficha kiatu changu?" Kifungo anajibu, "Mimi mwalimu!" Halafu zamu ya Kifungo kuuliza, na baba mtu anasimama na kisu mkononi, anakuna kichwa, anasema kwa unyonge, "Nisaidie." Wateja wakicheka mpaka wanasahau kudai mfupa.

Sasa nije kwa mkuu wa shule. Jina lake la kwenye barua silitaji. Sisi tulimwita Bwana Mpira. Alikuwa na kipande cha mpira mweusi wa maji, amekikata saizi ya mkono, anakivaa shingoni kama daktari na kile kidude chake cha kusikilizia. Hakikuwa cha kusikilizia. Siku moja aliingia darasa la kwanza katikati ya "mimi mwalimu", bila hodi, akamkuta Redio kasimama juu ya dawati. Mpira ukashuka mgongoni. Mtoto akaanguka chini, na kabla hajapumua ukashuka wa pili, shati likapasuka. Wifi akaurukia, akaukamata ule mpira kwa mkono wake.

"Acha," akasema.

"Niache nini? Hili ni darasa au soko?"

"Ni darasa. Anajibu swali."

"Swali gani? Anajua jibu?"

"Hajui."

"Sasa mkono wa nini?"

"Asipokuwa na mkono juu nitajuaje yupo?"

Bwana Mpira akauvuta mpira wake, na wifi alipokataa kuuachia akamchapa kwenye kifundo cha mkono, mbele ya watoto, pa, kama anaua nyoka. Wifi akaachia. Mkuu akatoka, akarudi na fimbo, akaiweka mezani. "Mwisho wa muhula mkaguzi anakuja. Akikuta makelele haya, utakwenda kuwafundisha kuku wa kwenu. Fimbo hiyo hapo. Itumie."

Wifi akaitumia. Kuanzia siku hiyo alionyeshea nayo herufi ubaoni. Usiku ule nikamkanda mkono kwa maji ya chumvi, nikimtukana mkuu na ukoo wake, naye hakusema kitu ila, "Cheche alilia. Alipopigwa Redio, Cheche alilia kwa sauti. Kumbe sauti anayo."

Sasa siku yenyewe.

Mwenye bucha alikuwa ameagiza geti kwa yule fundi, geti la uani, la chuma kizito, la kutelezesha. Fundi akaja nalo jioni, akachimba, akamwaga zege, akalisimamisha, akaliegemezea gongo, akasema msiliguse mpaka zege likauke. Halafu akaondoka kwenda kazi nyingine. Watu wengine watawaambia ilikuwa bahati mbaya. Mimi nawaambia fundi alikosa. Zege halikauki kwa kuambiwa. Angekaa alilinde geti, au angelilaza chini. Asubuhi Kifungo akatoka uani na tofali lake mkononi, anawahi dirishani kwake, akaona hapo pana kitu kizuri zaidi cha kupanda.

Wifi alisikia chuma kinaanguka. Halafu akasikia mama anapiga yowe, lile yowe ambalo hata aliyelala anaamka tayari amejua. Halafu akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia tangu apewe chumba kile: shoka la bucha limenyamaza.

"Mwalimu, watu wanakimbia!"

"Macho!" wifi akaita.

"Kwa mwalimu!" wakaitikia, kama alivyowazoesha, na vichwa vikarudi.

Vikarudi, lakini kwa tabu. Nje umati ulikuwa umeijia karakana. Wakang'oa mlango, wakavunja mashine, wakatupa mageti ya watu barabarani, mtu akamwaga mafuta, na moshi mweusi ukaanza kupita kwenye wavu na kuingia darasani. Fundi alikuwa ameruka ukuta wa nyuma akakimbilia magengeni. Wifi akafunga kipande cha kanga dirishani, akaendelea na hesabu. Aliuliza haraka haraka, swali juu ya swali, asiwape nafasi ya kugeuka. Jasho linamtoka. "Nne kuongeza moja? Nani?" Mimi mwalimu! "Sita kutoa mbili? Nani?" Mimi mwalimu! Chini ya dirisha Cheche ameikalia mikono yake, na moshi wa karakana ya baba yake unampita kichwani.

Huko nje mtu akasema, na midomo ya watu haikosi la kusema: "Fundi kakimbia, lakini mtoto wake anasoma hapo."

Mwenye bucha akaja na mdogo wake, mbeba mizoga, na nyuma yao kundi. Walianzia ofisini. Walimtaka Bwana Mpira aseme mtoto yuko darasa gani. Akajaribu ukali. Mbeba mizoga akamvua ule mpira shingoni akamshindilia nao, mgongoni, kichwani, kwenye vidole alivyojikingia, mpaka akalala chini ya meza yake mwenyewe anasema, "La kwanza! Yuko la kwanza! Sura simjui, naapa, sura simjui!" Na kweli hakumjua. Hakuwahi kumtazama mtoto usoni.

Mlango wa darasa la kwanza ulipigwa teke. Na watoto, jamani watoto! Walikuwa wamefundishwa kwa ajili ya mkaguzi, akiingia mtu wasimame. Wakasimama wote kwa pamoja wakaimba, "Shikamoo mgeni! Karibu darasa la kwanza!"

Mwenye bucha akasimama pale mlangoni na kisu cha kuchunia. Aproni yake ilikuwa na damu, lakini ilikuwa mbichi, imelowa kifuani, mahali mtu anapombebea mtoto. Wifi alipoiona akaelewa yote.

"Kaniulia wangu," mwenye bucha akasema. Hakupaza sauti. "Wake ni yupi?"

Watoto ni watoto. Ukiwauliza yuko wapi fulani, macho yao yanakwenda yenyewe. Wifi akayaona macho yanaanza safari ya dirishani. Akamwona Redio anafungua mdomo. Akaipiga fimbo mezani.

"Macho!"

"Kwa mwalimu!"

Vichwa vikarudi.

"Wewe mwanamke," mbeba mizoga akafoka, "tunauliza hapa!"

"Hapa anauliza mwalimu," wifi akasema. "Wewe ukitaka kusema, nyoosha mkono."

Sijui alilitoa wapi neno lile. Hata yeye hajui. Mbeba mizoga akavuka chumba akakanyaga watoto waliokaa chini, akampiga. Lilikuwa kofi, lakini kofi la mtu anayebeba nusu ng'ombe begani. Likamkuta sikio la kulia. Wifi akaenda na ubao, ubao ukaanguka naye, chaki zikasagika, na damu ikamtoka sikioni ikaingia mdomoni.

Na dunia ikazimwa. Hivyo ndivyo anavyosema. Si kimya, maana kimya unakisikia. Ilizimwa, kama taa.

Haya ninayoandika sasa kuhusu nani alisema nini aliambiwa baadaye na watoto wenyewe, kwa mikono na kwa chaki. Yeye pale aliona midomo tu. Akashika ukuta akasimama. Akaona watoto wanalia bila sauti, akaona midomo ya mbeba mizoga inatukana bila sauti, akaona kisu. Na akaona macho ya watoto yanaanza tena kwenda dirishani, kwa sababu mwalimu kaanguka na hakuna wa kuyashika. Fimbo ilikuwa bado mkononi. Akaiinua juu kabisa. Akauliza, na sauti yake mwenyewe hakuisikia, akaijua kwa koo tu:

"Darasa! Nani mtoto wa fundi? Nani?"

Mikono ikaruka.

Walikuwa wanalia, kamasi zinawachuruzika, wengine wamekanyagwa, wengine wamejikojolea. Mikono ikaruka hivyo hivyo, kama kila siku, anayejua na asiyejua, wavulana kwa wasichana. "Mimi mwalimu! Mimi! Mimi mwalimu!" Wakapanda juu ya madawati. Mwenye bucha akarudi hatua moja nyuma, maana kelele ile ilimgonga kama maji.

Mikono yote. Isipokuwa chini ya dirisha. Pale palikuwa na pengo, kama jino lililong'oka, na ndani ya pengo Cheche kaikalia mikono yake, mdomo wazi.

Wifi hakumtazama. Alijua akimtazama kamuua. Aliyatazama macho ya mwenye bucha yanavyopita safu kwa safu, mkono kwa mkono, kama anahesabu mbuzi, yanakaribia. Akatazama dari akapiga fimbo. "Sioni mikono yote! Nimesema nani?"

Na mkono ule ukaja. Haukuruka. Ulitoka chini ya paja polepole, kama kitu kinachong'olewa topeni, ukapita bega, ukapita kichwa, ukanyooka. Midomo ya Cheche ikasema maneno mawili. Muhula mzima wifi alikuwa ameyangoja maneno yale mawili, na siku yalipokuja hakuwa na sikio la kuyapokelea.

Macho ya mwenye bucha yakapita juu ya mkono ule, yakaendelea.

Akakamata mtoto wa karibu yake kwa kola, akamwinua juu, miguu inaning'inia. Alikuwa Redio, nani mwingine? Kisu akakiinua.

"Ni wewe? Wewe ndiye mtoto wa fundi?"

Redio akameza mate. Amechaguliwa, na jibu hana. Sheria anaijua. "Nisaidie," akasema. Na aliyesema nisaidie lazima amchague mwenye mkono juu. Redio akageuza kichwa, na mkono uliokuwa karibu kuliko yote, ulionyooka kuliko yote, ulikuwa ule wenye kisu.

"Namchagua huyu," akasema, akamwelekezea kidole mwenye bucha. "Kanyoosha mkono."

Darasa likanyamaza. Ndiyo desturi yao. Mtu akichaguliwa, wote wanamgeukia wanamngoja ajibu, hakuna kumcheka. Wakamgeukia. Nyuso zile zote zenye machozi zikamtazama mwenye bucha, zikamngoja.

Wifi aliona mdomo wa lile jitu unafunguka, unatafuta. Neno lilipotoka hakuhitaji sikio. Alilijua umbo lake, aliliona mdomoni mwa watoto kila siku ya kazi.

"Nisaidie."

Kisu kikaanguka kikasimama kwa ncha kwenye dawati. Redio akatua. Mwenye bucha akakaa chini katikati ya watoto, na sauti iliyomtoka, watoto wanasema, ilikuwa kama ya ng'ombe anayejua anakwenda kuchinjwa. Mbeba mizoga akakichomoa kile kisu. "Kaka, simama! Kama hatumjui, tunaanza na yeyote!" Akamshika mtoto wa karibu kwa nywele. Mwenye bucha akainuka, akamgeukia mdogo wake wa tumbo moja, akampiga. Alimpiga ngumi ya uso, akamgongesha kwenye fremu ya mlango, akamgongesha tena, meno yakamwagika kizingitini, akamburuta nje kwa mguu na kundi lote likapisha njia.

Mnadhani hapo yaliisha? Wale waliokosa mtoto walimpata baba, huko magengeni, kajificha chini ya magunia. Walimvunja mkono wa kulia sehemu mbili na jicho moja wakalitoa, kisha askari ndipo wakafika, kama kawaida yao, kuokota. Mwenye bucha na mdogo wake walifungwa. Kifungo akazikwa. Mama yake hakuongea tena na mtu yeyote wa mtaa ule, akahama, na sijui alipo.

Na wifi? Wifi alibaki darasani. Alifunga mlango kwa dawati, akaunyanyua ubao, akajifuta damu kwa kiganja, na kwa sababu watoto walikuwa bado wanatetemeka na wazazi bado hawajafika, akaandika hesabu. Tano kutoa mbili. Mikono ikapanda, na mmoja ulikuwa chini ya dirisha. Akamchagua huyo. Cheche akamwonyesha vidole vitatu.

Sikio halikurudi. Mkaguzi alipokuja wakataka kumstaafisha, kwamba mwalimu kiziwi atafundishaje. Wifi akamwambia aulize swali lolote. Akauliza. Mkaguzi mwenyewe alitoka na kilemba cha vumbi la chaki kichwani, maana waliokuwa nyuma walimpandia mabegani ili mikono yao ionekane. Wakamwacha. Akafundisha kiziwi hivyo hivyo mpaka nywele zikawa nyeupe. Ule mpira tuliuokota chini ya meza ofisini, mwenyewe alisema si wake. Ninao hapa. Nautumia kunyonyea maji kutoka kwenye pipa.

Mimi nilihamia kwake kaka yangu alipofariki, na hapo ndipo nilipotaabika. Utagombanaje na mtu asiyesikia? Nafoka, yeye anapepeta mchele. Kwa hasira nikasema nitajifunza herufi. Neno langu la kwanza niliandika kwa mkaa, ukuta wa jikoni: CHAI. Akachukua chaki akaandika chini yake: CHEMSHA MWENYEWE. Ukuta ule hatujaupaka rangi mpaka leo.

Na Cheche hakuwa mwalimu, kama mnavyotaka mimi niseme. Ni fundi wa mageti. Akimwaga zege anatandika gunia pale pale, anakaa mpaka likauke, mvua inyeshe, mwenye nyumba amtukane, haondoki.

Basi nimeandika, na mimi siandiki bure. Wewe uliyesoma, inuka sasa hivi, si kesho. Nenda kwenye geti la shule ya mwanao ulitikise kwa mikono miwili, na likicheza usiondoke hapo mpaka fundi aje. Ukimaliza, ingia darasa la kwanza ukae nyuma kabisa, na mwalimu akiuliza nyoosha mkono, hata kama hujui. Halafu njoo hapa na chaki boksi zima, nyeupe, usiniletee zile za rangi. Mlangoni usipige kelele, wifi hatakusikia. Inua mkono usimame, ungoje akuchague.